Yu Hai

Kilichonifikisha kwa Yu Hua ni meno. Mwaka 2014 nilikuwa Hangzhou, katika ule mwaka wa kwanza ambao mwanafunzi mgeni hasomi kitu kingine ila Kichina. Mwalimu wetu wa somo la kusoma, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Laoshi, yaani mwalimu, alikuwa akipita dawati kwa dawati akituuliza tumefuata nini China. Nikamjibu kwa Kichina changu cha kuungaunga kwamba nimekuja kusomea shahada ya udaktari wa meno, na kwamba kwetu Tanga nilikuwa tabibu wa meno kwa miaka minne, kazi yangu kubwa ikiwa kung'oa. Akasimama. Akarudi ubaoni, akaandika herufi mbili. Huyu, akasema, aling'oa meno miaka mitano, humu humu mkoani Zhejiang, kabla hajawa mwandishi. Tafuta kitabu chake. Maneno yake mepesi, utamweza.

Herufi ya kwanza, Yu, ni ukoo wa mama yake. Ya pili, Hua, ni ukoo wa baba yake. Wazazi walimpa mtoto koo zao mbili, zikatosha kuwa jina zima. Alizaliwa Hangzhou tarehe 3 Aprili 1960, lakini si Hangzhou iliyomlea. Baba yake, daktari wa upasuaji, alipata kazi katika mji mdogo wa Haiyan, kandokando ya Ghuba ya Hangzhou, na familia ikahamia huko. Hai ni bahari, yan ni chumvi. Mimi ni mtoto wa pwani, nimekua nikiona mashamba ya chumvi yanavyometa jua la saa saba, kwa hiyo jina la mji ule lilinikaa kichwani hata kabla sijafungua ukurasa.

Kitabu nilichonunua kinaitwa Huozhe. Kilitoka kwanza mwaka 1992 katika jarida la fasihi la Shouhuo, mwaka uliofuata kikawa kitabu. Ni chembamba, nami nilikisoma miezi miwili, simu yenye kamusi mkono wa kushoto. Laoshi alisema kweli: hakuna neno la kujionyesha mle. Yu Hua mwenyewe, watu wanapomsifu kwa wepesi wa lugha yake, huwajibu kwamba ni kwa sababu herufi anazozijua ni chache. Alianza shule ya msingi 1967, Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao yakiwa yamepamba moto, akamaliza sekondari 1977, mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi hayo kumalizika. Kizazi chake kilisomeshwa kaulimbiu kuliko kilivyosomeshwa kusoma.

Msimuliaji wa hadithi ni Fugui, mtoto wa mwenye mashamba aliyecheza kamari mpaka ardhi yote ya ukoo ikaondoka. Baba yake akafa. Yeye akakamatwa njiani akimtafutia mama yake daktari, akapelekwa vitani kukokota mizinga ya jeshi la Kuomintang, chama kilichotawala China kabla ya Wakomunisti, na aliporudi alikuta mama keshazikwa na binti yake, Fengxia, kawa bubu kwa homa. Yule aliyemfilisi kwenye kamari, Long'er, alikuja kupigwa risasi wakati wa mageuzi ya ardhi kwa kosa la kuwa mwenye mashamba. Yaani Fugui angeshinda mchezo ule, aliyesimamishwa mbele ya bunduki angekuwa yeye. Mpaka hapo nilikuwa bado nasoma kama mwanafunzi, nikipiga mistari chini ya maneno mageni.

Kisha nikafika kwa Youqing.

Youqing ni mwana wa Fugui, yuko shule ya msingi, na hukimbia peku kwenda shule ili viatu visiishe. Siku moja mwalimu mkuu wao, ambaye ni mke wa mkuu wa wilaya, anajifungua na damu inamwishia. Watoto wanaitwa hospitali wakachangie. Wanapimwa mmoja mmoja, hailingani, hailingani, mpaka ya Youqing ndiyo inalingana. Mtoto anafurahi mpaka anapiga kelele. Analazwa, anavutwa damu. Midomo inapauka, anasema anaona kizunguzungu, na yule anayemtoa damu anamjibu kwamba kutolewa damu ndivyo kulivyo, kisha anaendelea kuvuta. Anavuta mpaka mtoto anakwisha.

Nilifunga kitabu, sikukifungua tena kwa siku nne. Nimeona damu inavyotafutwa. Nimewaona ndugu nje ya maabara wakiangaliana nani aingie, nimewaona vijana wa sekondari wakipanga foleni kuchangia, wakitoka na soda na biskuti, wakicheka. Jambo kama la Youqing sikupata kuliona. Lakini sauti ya yule mtoa damu niliitambua. Ile sauti ya mtu mwenye kazi nyingi, ya ndivyo ilivyo, tulia, bado kidogo tu. Wakati ule sikujiambia niliisikia wapi.

Fugui anamzika mwanawe usiku, peke yake, akimficha mkewe mgonjwa, Jiazhen. Mama anakuja kujua tu, mama hafichiki. Usiku mmoja Fugui anaitazama njia ile nyembamba mtoto aliyokuwa akiikimbia kwenda mjini, na mbalamwezi imeiangukia, na anaona kana kwamba imemwagwa chumvi njia nzima. Basi. Hakuna neno la kilio. Nilidhani nimekosea kusoma, nikatafuta herufi ile kwenye kamusi ingawa nilikuwa naijua tayari: ni ileile ya jina la mji wa Haiyan. Sisi wa meno tunajua chumvi inakutana wapi na kidonda. Kila ninayemng'oa jino ninamwambia, kuanzia kesho, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ndiyo sentensi niliyoisema mara nyingi kuliko zote maishani mwangu.

Baada ya Youqing wanaondoka wote. Fengxia anakufa akijifungua. Jiazhen anakufa. Mkwe anabanwa na saruji kazini. Mjukuu wa mwisho anakabwa na maharage aliyopikiwa na babu yake kwa mapenzi. Fugui anabaki na ng'ombe mzee aliyemnunua akiwa anapelekwa kuchinjwa, naye amempa jina lake mwenyewe, Fugui.

Sisi tumelelewa na mvumilivu hula mbivu. Nimeisikia kwa bibi, kwa mashehe, kwa walimu, kwenye kanga. Fugui alivumilia kuliko mtu yeyote niliyepata kumsoma, na hakuna mbivu aliyokula. Hilo lilinisumbua sana. Niliwauliza wanafunzi wenzangu wa Kichina, wakagawanyika. Wengine walisema Yu Hua anawafundisha watu kuinamisha kichwa na kumeza kila wanachopewa. Wengine walisema anamheshimu mzee kwa kuwa hakumfanya shujaa. Mwenyewe ameandika katika dibaji kwamba mtu huishi kwa ajili ya kuishi kwenyewe, si kwa ajili ya kitu kingine nje ya hapo. Mimi niko na hao wa pili. Methali yetu inamwahidi mvumilivu malipo. Kitabu hiki hakimwahidi, na bado hakimdharau, na nadhani kuna wagonjwa wengi na wauguzi wengi wanaohitaji kusikia habari ya mtu asiyelipwa.

Jina la kitabu nimelitafutia Kiswahili kwa miaka. Katika Huozhe, sehemu ya kwanza, huo, ni kuishi, na zhe ni kiambishi kinachoonyesha kwamba jambo limo katika kuendelea, halijakatika. "Kuishi" peke yake ni laini mno, linaweza kuwa tangazo la sabuni. Nikimpigia mama nikamuuliza habari za mzee fulani wa mtaani, ananijibu, "Yu hai, mwanangu." Ndani ya jibu lile mna magonjwa yake yote, na waliomtangulia, na kwamba asubuhi ametoka kibarazani. Ningepewa nikitafsiri, ningekiita Yu Hai.

Katika dibaji hiyohiyo anaeleza kitabu kilianzia wapi. Alisikia wimbo wa Kimarekani, Old Black Joe, kuhusu mtumwa mzee mweusi ambaye amepitia mateso, watu wake wamekwisha kumtangulia, na bado haulaumu ulimwengu. Akaamua kuandika hadithi kama hiyo. Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Wimbo wenyewe ulitungwa na mzungu, Stephen Foster, karne ya 19, na unamfanya mtumwa awe mpole kuliko anavyostahili kuwa. Sikuupenda. Lakini mbegu haiwajibiki kwa mti, na Yu Hua aliipanda katika udongo anaoujua kwa vidole vyake.

Kuhusu udongo huo alioujua, nilisoma kila nilichokipata.

Akiwa shule ya msingi, familia ilihamia nyumba za wafanyakazi wa hospitali, na dirisha lao lilielekea chumba cha maiti. Kwenda chooni ni kupita mlangoni pake. Usiku alisikia vilio vya waliofiwa, na anasema kilio kile alikisikia mara nyingi mpaka kikawa na uzuri wake. Kiangazi, joto linapozidi, aliingia mle mchana akalala juu ya kitanda cha saruji, kwa kuwa kilikuwa baridi. Mtoto wa kwetu angesomewa dua na kuogeshwa maji ya makombe. Yeye alipumzika. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini vifo katika kitabu chake havina ngoma. Mtu aliyelala kwenye saruji ile hawezi kuandika kifo kama mgeni.

Vitabu havikuwapo. Maandishi ya Mao na ya mwandishi Lu Xun tu, na riwaya zilizopigwa marufuku zikipita mkono kwa mkono mpaka zimeng'oka kurasa za mwanzo na za mwisho. Alisoma hadithi zisizo na mwanzo, zisizo na mwisho, na mwisho uliokosekana ukamnyima usingizi, akawa anaubuni mwenyewe usiku kitandani. Siku moja yeye na mwenzake walipata kuazimwa riwaya moja ya Kifaransa kwa siku moja. Wakaamua kuinakili kwa mkono, wakipokezana usiku kucha darasani. Kulipokucha waliishika nakala yao wakaanza kuisoma, na kila mmoja akashindwa kuusoma mwandiko wa mwenzake, maana uchovu uliuharibu. Ikabidi wasomeane, mmoja ukurasa wake, mwingine wake.

Mtihani wa kuingia chuo kikuu ulipofunguliwa tena, akashindwa. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 18, serikali ikampangia kazi ya kung'oa meno Haiyan. Hakuomba. Hakusomea chuoni. Alimkuta fundi mzee, akamtazama anavyofanya, siku hiyohiyo akashikishwa koleo. Saa nane kwa siku, midomo iliyofunguka. Ameandika kwamba ndani ya kinywa cha mtu ni mahali pasipo na mandhari kabisa.

Hapo nampinga. Kinywani mna maisha ya mtu. Mna aliyekula muwa mpaka uzeeni na aliyenyonyeshwa soda kwa chupa. Nimeona magego yaliyosagika kwa hasira za usiku, fizi za mwanamke aliyejifungua watoto saba mfululizo, meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji ya visima vyenye floraidi kule Arusha na Singida. Ila ninamwelewa kijana wa miaka 18 ambaye hakuchagua.

Alikuwa akisimama dirishani akiangalia barabara. Akawaona wafanyakazi wa ofisi ya utamaduni wakizurura kutwa. Akamuuliza mmoja mbona huendi kazini, akajibiwa kwamba kutembea ndiyo kazi. Yu Hua akaona hiyo ndiyo kazi inayomfaa, na njia za kuingia zilikuwa tatu: kutunga muziki, kuchora, au kuandika. Mbili za kwanza zilidai ujuzi asiokuwa nao. Herufi za kuandikia alikuwa nazo, ingawa chache. Akawa anang'oa mchana, anaandika usiku, hadithi zinakwenda kwa posta na kurudi.

Novemba 1983 simu ikapigwa kutoka Beijing. Mhariri wa jarida la Beijing Wenxue alitaka hadithi yake moja, lakini mwisho wake ulikuwa na giza, auangaze. Kijana akamwambia, ukiichapisha nitaiangaza toka mwanzo hadi mwisho. Alikwenda Beijing, akarekebisha, akarudi Haiyan akiwa mtu wa kwanza wa mji ule kuitwa mji mkuu kwa ajili ya hadithi. Ofisi ya utamaduni ikamchukua. Siku ya kwanza ya kazi alijichelewesha kwa muda wa saa mbili makusudi, na alipofika akakuta yeye ndiye wa kwanza.

Wachina husimulia habari hiyo wakicheka, naye mwenyewe huisimulia akicheka. Mimi humwona yule wa dirishani. Chumba changu cha kazi nacho kilikuwa na dirisha, lililotazama mwembe na wagonjwa waliokuwa wakingoja chini yake, na nilijifunza kutolitazama, kwa kuwa kila nikitazama foleni ilikuwa imeongezeka.

Sasa niseme hili la sindano, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Yu Hua ana kitabu kisicho riwaya, cha maneno kumi, kila neno sura yake, kinachosimulia China aliyoiishi. China bara hakijachapishwa, kwa kuwa sura ya kwanza inazungumzia mwaka 1989 na uwanja wa Tiananmen, ambako jeshi lilizima maandamano. Kilitoka Ufaransa 2010, Taiwan 2011. Nilikipata kwa Kiingereza nikiwa likizo nyumbani, mwaka 2016, kwa mkopo wa mwanafunzi mwenzangu kutoka Nairobi. Nilikisoma sebuleni kwa mama, umeme umekatika, taa ya simu.

Anasimulia kwamba kiangazi, wagonjwa wa meno wanapopungua, alitumwa kwenye viwanda na shule za chekechea kuwachanja watu. Sindano zilikuwa chache, zinachemshwa, zinatumika tena na tena, mpaka ncha zikapinda zikawa kama ndoana. Kiwandani wafanyakazi walipanga mstari, mikono imekunjuliwa. Kila alipochomoa, ndoana ilitoka na kipande cha nyama. Wafanyakazi waliuma meno, mmoja mmoja akaguna, wakapita. Hakuliona kuwa jambo. Kisha akaenda chekechea. Watoto walilia wote, waliochomwa na ambao bado, na waliokuwa bado walilia zaidi kwa kuwa waliona. Nyama yao laini ilitoka na damu nyingi. Akarudi hospitali, akachukua jiwe la kunolea, akawa anazinyoosha na kuzinoa sindano moja moja. Na anajiuliza kwa nini ilibidi watoto walie ndipo ajue kwamba wale wafanyakazi waliumia. Angejichoma mwenyewe kwanza, anasema, angejua.

Nilizima taa ya simu.

Mwaka wa pili wa kazi yangu tulikuwa na zoezi la kupima meno shuleni, nje ya mji. Watoto wengi, sisi wawili, gari lirudi kabla ya giza. Alikuja mvulana wa miaka kama tisa, gego la chini, limetoboka mpaka kiini. Nikamchoma ganzi. Ganzi ya chini huchukua dakika tatu hadi tano kushika vizuri, hilo nilifundishwa, nililijibu kwenye mtihani nikapata. Nilisubiri muda wa kuandika jina la mtoto anayefuata. Nikaingiza koleo. Alishtuka mwili mzima mara moja, kisha akatulia, na vidole vyake vikaingia kwenye mbao za kiti. Mwalimu wake alikuwa amesimama pembeni. Machozi yalitoka bila sauti. Nilimwambia, "Tulia baba, ndivyo ilivyo, bado kidogo tu." Jino lilipotoka nikamsifu mbele ya wenzake: mnaona, mwanaume huyu, hajalia. Na waliomfuata wote hawakulia, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia kulia ni aibu.

Kimya chao nilikichukua kuwa ganzi.

Wafanyakazi wa Yu Hua waliuma meno kwa sababu ni watu wazima. Watoto wangu waliuma kwa sababu yangu. Yeye aliokolewa na kilio, mimi nilikizuia kisitoke. Mama aliniuliza kutoka chumbani mbona nimekaa gizani, nikamwambia nasoma. "Unasoma gizani?" Nikaenda nikakaa kitandani kwake nikamweleza. Hakunipa pole. Alisema, "Sasa mtoto yule yuko wapi?" Sijui yuko wapi. Shule naijua, jina limo kwenye daftari la mwaka 2012, kama daftari lipo. Atakuwa kijana wa kazi sasa. Kama amekataa kwenda kung'oa jino tangu siku ile, namjua aliyemfanya akatae.

Niliporudi Hangzhou nilikuwa mwanafunzi mwingine kwenye kiti cha wagonjwa. Nikichoma ganzi naangalia saa ya ukutani, dakika tano kamili, kisha nagusa ufizi kwa kifaa, namuuliza mgonjwa anahisi nini na simuulizi kama anaweza kuvumilia. Mwalimu wangu wa mazoezi, bingwa wa upasuaji wa kinywa, alinilalamikia kwamba ninachelewesha. Nilimwomba radhi na nikaendelea kuchelewesha.

Kitabu chake cha tatu kwangu kilikuwa cha Xu Sanguan, mfanyakazi wa kiwanda cha hariri anayeuza damu kila shida inapomkuta, cha mwaka 1995. Kabla ya kwenda hunywa mabakuli ya maji ili damu iongezeke, akitoka huagiza maini ya nguruwe ya kukaanga na mvinyo wa mchele uliopashwa moto. Nilikuwa nikila kwenye migahawa ya tambi ya Waislamu wa kaskazini-magharibi, maini yale sikuyaonja, lakini niliwahi kusimama nje ya mgahawa nikiyaangalia yakirushwa kwenye karai. Kitu kisichonitoka ni usiku wa njaa, familia wameshinda kwa uji mwembamba, naye anawapikia wanawe kwa mdomo: anamwelezea kila mmoja nyama yake, inavyokatwa, inavyokaangwa, inavyokolea, nao wanameza mate gizani. Hapo ndipo Yu Hua alipopata mandhari ndani ya kinywa.

Si wote wanaomheshimu. Zhang Yimou alipotengeneza filamu ya Huozhe, mwaka 1994, ilishinda tuzo Cannes, na Ge You aliyemwigiza Fugui akawa mwigizaji bora wa kiume, lakini majumba ya sinema ya China hayakuruhusiwa kuionyesha, huku kitabu kikiendelea kuuzwa. Alipotoa Ndugu, riwaya ndefu ya sehemu mbili ya 2005 na 2006, wahakiki walimshukia kwamba ni chafu na ya kelele, mpaka mwaka 2006 kikachapishwa kitabu kizima cha kumshambulia, chenye jina lisemalo kumng'oa Yu Hua meno. Riwaya ya 2013, Siku ya Saba, waliiita vipande vya magazeti. Mimi Ndugu sikuimaliza, na nasema hivyo kama msomaji anayempenda. Na wapo wanaosema amepewa nafasi kubwa mno ya kusema, na wapo wanaosema anajizuia mno. Kwa mtu anayechapishwa kwao na ambaye kitabu chake kimoja hakichapishwi kwao, nadhani hizo lawama mbili zitakaa naye mpaka mwisho.

Vijana, hata hivyo, wamemchukua. Tangu nirudi nyumbani, mwenzangu wa maabara, msichana wa Jiaxing, hunitumia kwa WeChat vipande vya video za Yu Hua akizungumza kwenye televisheni, nywele hazijachanwa, akimtania mwandishi mwenzake Mo Yan ambaye walilala chumba kimoja walipokuwa wanafunzi Beijing mwishoni mwa miaka ya 1980. Wamempa jina la kijimbwa cha nywele timutimu. Wanasema furaha kajiwekea mwenyewe, huzuni kawaachia wasomaji.

Msichana huyo ndiye aliyenipeleka Haiyan, masika ya 2017. Basi, mvua nyembamba, mashamba ya rapa, mmea wa mafuta, yamechanua manjano. Nilitaka kuona chumba cha maiti na dirisha. Havikuwapo, au vimefunikwa na maghorofa, na sikumsumbua mtu kumuuliza habari za chumba cha maiti. Tuliingia bustani ya zamani ya Qi Yuan, yenye madaraja ya mawe na miti ya kale. Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake. Akanitazama bila kuficha, akamuuliza mwenzangu kwa lahaja yao mimi ni nani na ninafanya nini huku mbali.

"Mwambie nang'oa meno," nikasema.

Akamwambia. Bibi akafikiri. Kisha akashika shavu lake la kushoto, akasogea karibu, na akafungua mdomo. Gego la juu, la pili kutoka mwisho, limevunjika ukingoni, ufizi umevimba na kuwa mwekundu. Nilinawa mikono kwa maji ya chupa, nikawasha taa ya simu, nikamwomba mwenzangu amuulize linauma tangu lini na linauma vipi, na anieleze neno kwa neno atakavyojibu.